Vidonge vya Mama Mkwe

Ndugu zangu, saluni ile ilikuwa na raha yake. Upande mmoja wa pazia Kinyozi alinyoa wanaume; upande wa pili mkewe, Msusi, alisuka wanawake. Walitaniana kupitia pazia kama maharusi. Kisha Kinyozi akaanza kukosa usingizi. Moyo ulimwenda mbio bila kufukuzwa na mtu.

Msusi akampeleka kwa daktari. Daktari alimwandikia vidonge vya wasiwasi, akamwonya: "Hivi huchukua majuma kadhaa kufanya kazi. Usiviache ghafla, wala usichanganye na dawa nyingine. Vikikusumbua, rudi tuzungumze."

"Nimekuelewa, daktari."

Alielewa nini? Juma halijaisha, alikuwa akiwalalamikia wateja. Nanyi mwakijua kiti cha kinyozi: kila anayekikalia hugeuka bingwa.

"Dawa gani haikulazi?" alisema Dereva, mteja wa siku zote. "Shika hivi, ni vya mama mkwe wangu. Kimoja tu, unakoroma kama trekta."

"Mama mkwe wako anaumwa nini?" Msusi aliuliza nyuma ya pazia.

"Shemeji, wewe suka. Haya mambo ya wanaume."

"Mambo ya wanaume, na vidonge vya mama mkwe?"

Watu wakacheka. Kinyozi naye alicheka, huku akivitia mfukoni. Msusi aliuma meno. Alikuwa amesema asubuhi, amesema jioni, arudi kwa daktari, mpaka akajiona anapigia mbuzi gitaa.

Kweli, Kinyozi alilala. Lakini kimoja kikawa hakitoshi, akameza viwili, kisha vitatu. Vya daktari akavitupa juu ya kabati.

"Baba watoto, turudi kwa daktari."

"Nirudi kufanya nini na nimeshapona?"

Huyo aliyepona alikuwa akisinzia wima!

Mchana mmoja Dereva alikuja kunyolewa ndevu. Ghafla Msusi akasikia yowe. Alipovuta pazia, Dereva alikuwa ameshika sikio, damu ikimpita vidoleni. Kinyozi ameegemea ukuta, wembe mkononi, macho yamefumba nusu.

"Umelewa wewe?" Dereva alifoka.

"Amelewa vidonge vyako!" Msusi akamjibu.

"Mimi nilimpa ajaribu! Nilimwambia avitafune kama karanga?"

Sikio lilishonwa. Daktari alimpunguzia Kinyozi vile vidonge vya mama mkwe kidogo kidogo, maana kuviacha ghafla nako ni hatari, akamrudisha kwenye dawa yake na kumkutanisha na mshauri nasaha. Polepole usingizi ulirudi. Wateja hawakurudi. Mtu huchungulia, akimwona Kinyozi na wembe, husema, "Nitapita baadaye," akaenda zake kwa mwingine. Leo pazia limeondolewa. Kwenye kile kiti Msusi anasuka wanawake, na mumewe anafagia nywele.

Funzo

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Basi, ndugu yangu, mbona wajitibu? Wasiwasi na kukosa usingizi ni maradhi, wala si aibu, na dawa zake si za aina moja. Nyingine huponya taratibu na zataka subira. Nyingine hulaza upesi, lakini ukizizoea hukufanya mtumwa. Mwenye kujua ipi ni yako ni mtaalamu aliyekupima. Dawa ikikushinda, rudi kwake ukamwambie. Nawe unayegawa vidonge vya wakwe zako kama peremende, acha! Umemfanyia mwenzako wema gani, ikiwa wewe mwenyewe huthubutu tena kumpa shingo yako?