Kisiwa cha Fundi Anselm

Mayala alikuwa amelala chali kando ya mizani, uso umefunikwa gunia. Kiatu chake cha kulia hakikuwa mguuni. Kilikuwa kimewekwa kifuani kwa uangalifu, na ndani yake mlikuwa na ufunguo wa ghala.

Inspekta Elieza alichuchumaa, akainua gunia, akalirudisha.

"Huyu hakuanguka akajivua kiatu," alisema.

"Hapana, afande," alijibu Sajini Ambrosi, ambaye alikuwa hajawahi kumbishia mkubwa wake kabla ya chai.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwezi Juni mwaka 1984, katika ghala la tumbaku karibu na reli, mjini Tabora. Mayala ndiye aliyekuwa mlinzi wa Jumamosi na Jumapili. Daktari alipima maiti akasema fuvu limepasuka kwa nyuma. Muda wa kufa ulikuwa Jumamosi, kati ya mchana na usiku, na hakutaka kusukumwa zaidi ya hapo.

Aliyeikuta maiti ni Selemani, karani wa ghala, kijana aliyemaliza kidato cha nne, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni.

"Mlionana mara ya mwisho lini?"

"Jumamosi saa nane mchana, afande. Nilimaliza kupima, nikafunga mizani, nikamkabidhi ghala pale getini."

"Alikuwa mzima?"

"Mzima kabisa. Alinitania kuhusu kuoa."

"Kisha?"

"Nikaenda nyumbani kwa mama."

Elieza aliandika. Alikuwa mtu wa Sikonge, Mmoraviani, mwembamba, mwenye miaka ishirini ya kazi na sifa ya kufunga majalada haraka. Sifa hiyo ilikuwa karibu kumtia mtu kitanzi shingoni.

Jumanne asubuhi palikutwa barua chini ya mlango wa kituo. Haikuwa na jina. "Mtafuteni Anselm fundi redio wa Isevya. Mtazame daftari lake."

Walikwenda, na daftari walilikuta mezani, katikati ya redio zilizofumuliwa. Elieza alilifungua akasoma akiwa amesimama, na kadiri alivyosoma ndivyo nywele zilivyomsimama.

*Ghala. Maiti kando ya mizani. Gunia usoni. Kiatu cha kulia kifuani, ufunguo ndani. Mlinzi auawa kabla ya mpishi kurudi. Rudi gatini.*

Ukurasa wa pili ulikuwa na ramani ya kisiwa: gati, ghala, nyumba kubwa, minazi. Kwenye kona ya chumba palikuwa na televisheni imefunikwa kitambaa.

"Televisheni ya nini?" aliuliza Elieza. "Bara hakuna stesheni hata moja."

"Ni ya mchezo, afande," alisema Anselm.

"Zanzibar ndiko kuna stesheni."

"Sijawahi kukamata Zanzibar, afande. Huo ni mchezo tu. Mchezo wa upelelezi."

Mwaka ule, kwa joto la siasa za Zanzibar, neno kisiwa lilikuwa halitajwi ovyo. Mtu mwenye televisheni, ramani ya kisiwa na mpango wa mauaji ulioandikwa kwa mkono wake hakuhitaji wakili, alihitaji muujiza. Saa nne Anselm alikuwa mahabusu. Saa sita wakubwa walipiga simu kutoka Dar es Salaam: mtu huyo apandishwe treni ya Alhamisi, wao watamuuliza wenyewe. Elieza aliwajua waliopandishwa treni ya namna hiyo. Hakumjua aliyerudi.

"Sema tena," alimwambia Anselm mchana ule, dirisha limefungwa na joto limejaa chumbani.

"Mzungu wa mradi wa visima, alipomaliza mkataba, aliniachia kompyuta mbovu. Ndogo, kama Biblia hivi. Nikaitengeneza. Unaiunga na televisheni, unatia kanda ya redio kaseti, mchezo unatokea. Wewe ni inspekta. Uko kisiwani, mlinzi wa ghala la mbata, zile nazi kavu, ameuawa. Unaandika unachotaka kufanya, mashine inakujibu."

"Mashine inajibu."

"Ndiyo, afande."

"Iko wapi?"

Anselm aliinamisha kichwa. "Muulizeni mke wangu."

Flavia, mkewe, alikuja na kitenge kichwani na macho mekundu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Mashine iko wapi, mama?"

"Chooni."

"Chooni?"

"Mwezi wa nne walisema msako wa wahujumu uchumi unarudi. Wenzetu walikuwa wanatupa sukari mtoni. Mimi nina kitu cha mzungu hakina stakabadhi wala kibali. Nikakitumbukiza na kanda yake. Choo chetu kina futi ishirini, afande." Alianza kulia. "Nilidhani namwokoa."

Sajini Ambrosi alimtazama mkuu wake, akaanza kusali kimoyomoyo asiagizwe kuchimba. Hakuagizwa. Hata kama mashine ingetoka, ingeweza kusema nini tena?

"Nani mwingine aliuona mchezo huo?" Elieza alimuuliza Anselm.

"Selemani. Unaandikwa kwa Kiingereza, na mimi niliishia la saba. Yeye alikuwa ananisomea, mimi naandika kwa Kiswahili. Miezi mitatu tulicheza. Muulizeni, yeye ni rafiki yangu."

Selemani aliulizwa.

"Mchezo? Hapana, afande. Nilimpelekea redio ya mama mara mbili, basi."

"Anasema ulikuwa unamsomea."

"Mtu akibanwa husema lolote."

Elieza alirudi na jibu hilo mahabusu. Anselm alilisikiliza, akakaa chini taratibu, mgongo ukutani.

"Ana mama yake," alisema baadaye. "Anaogopa. Simlaumu."

Maneno hayo ndiyo yaliyomnyima Elieza usingizi. Alikuwa amewafunga waongo wengi, na hakuna aliyewahi kumtetea shahidi anayemwangamiza.

Jumatano saa tano asubuhi alishuka tena mahabusu, akavuta kigoda mbele ya nondo, akatoa daftari.

"Nichezeshe."

"Mashine haipo, afande."

"Wewe ndiye mashine. Umesema unaujua wote. Haya."

Anselm alimtazama kama mtu anayedhihakiwa. Halafu akafumba macho.

"Uko gatini," alianza. "Mashua iliyokuleta imeondoka. Kaskazini kuna ghala. Mashariki kuna nyumba kubwa. Unafanya nini?"

"Naenda ghalani."

"Umeingia. Maiti iko kando ya mizani. Uso una gunia, kifuani kuna kiatu."

"Nachukua ufunguo, naenda nyumba kubwa kumkamata mwenye ufunguo."

"Mlango umefungwa kwa nje. Ghala linawaka moto. Umekufa."

"Nimekufa vipi? Sijafanya kitu!"

"Ndiyo hivyo, afande. Unaanza tena gatini."

Elieza alianza tena. Alikufa kwa sumu ya mpishi. Alianza tena, akafungiwa pangoni. Kila njia ya kisiwa kile ilirudi palepale gatini, na mashua ilikuwa imeshaondoka. Jasho lilimtoka. Alisahau kuwa yeye ndiye aliyekuwa upande wa nje wa nondo.

"Mchezo gani huu! Nimeona gunia, nimeona kiatu, nimeona ufunguo!"

"Umeona ulivyopangiwa uone," alisema Anselm. "Sisi na Selemani tulikufa wiki tatu kwa kosa hilohilo. Gunia, kiatu, ufunguo, vyote vimewekwa kwa ajili ya inspekta. Viache. Chunguza kile ambacho hakuna aliyekupangia."

Elieza aliona aibu. Gunia alipangiwa, kiatu alipangiwa, barua chini ya mlango alipangiwa, na daftari mezani alikwenda kuliokota mwenyewe kama kuku anayefuata punje. Ni kitu gani pale ghalani ambacho hakikupangwa?

Aliinuka, kigoda kikaanguka.

"Ambrosi! Gari!"

Walimkuta Selemani ghalani anaandika lebo. Mizani ilikuwa bado imezungushiwa kamba ya polisi, haijaguswa tangu Jumatatu. Ilikuwa mizani kubwa ya jukwaa, yenye mkono wa shaba na komeo zito la chuma la kuufunga mkono huo usicheze. Kwenye komeo palikuwa na kufuli dogo.

"Komeo hili linafungwa lini?" aliuliza Elieza.

"Kila tukimaliza kupima, afande. Likiachwa wazi mizani inaharibika."

"Jumamosi lilifungwa?"

"Nililifunga mimi, saa nane. Nilikuambia."

"Ufunguo wa kufuli hili wanao wangapi?"

"Mimi tu."

"Mayala hakuwa nao?"

"Mlinzi na mizani, wapi na wapi?"

"Umeshalifungua tangu Jumamosi?"

"Hapana. Mmeweka kamba."

"Vizuri. Fungua sasa."

Selemani alitoa ufunguo. Ulimponyoka. Akauokota, akajaribu, ukakataa kuingia, akajaribu tena kwa mikono miwili. Kufuli likafunguka.

"Inua komeo."

"Afande..."

"Inua."

Aliliinua. Chini yake, juu ya shaba, palikuwa na damu iliyokauka, nyeusi, imesambaa kila mahali ambapo komeo lilikuwa limelala. Juu ya komeo lenyewe hapakuwa na hata tone.

Nje garimoshi la mizigo lilikuwa likigongesha mabehewa.

"Damu haipiti chini ya chuma kilichofungwa," alisema Elieza polepole. "Mayala alipopasuka kichwa, mizani ilikuwa wazi. Baadaye komeo likafungwa juu ya damu yake. Unasema ulilifunga wewe, na ufunguo unao wewe peke yako. Basi ulipokuwa unafunga, Mayala alikuwa wapi?"

Selemani alikaa juu ya robota la tumbaku. Kalamu zake mbili zilidondoka.

"Mkono wangu ulifunga wenyewe," alisema. "Miaka sita nafunga hilo komeo. Sikumbuki hata kulifunga."

"Anza mwanzo."

"Mama yangu anauza khanga. Mwanamkuu wa Kanyenye, mnamjua. Alikuwa na jora kumi na nane ndani bila stakabadhi. Mwaka jana jirani yetu alichukuliwa kwa jora nne. Mama ana pumu, afande, asingemaliza wiki gerezani. Nikazileta huku usiku, siku mbili tatu, nikazificha nyuma ya marobota."

"Mayala akaziona."

"Jumamosi nimemaliza kupima, akaja akasimama hapo ulipo. Akasema, 'Karani, zile khanga zako nimezitoa kule nyuma.' Nikaona gereza. Nikaona mama. Nikamsukuma. Sikutaka kumuua, nilitaka anyamaze. Akaangukia mkono wa mizani."

"Na gunia? Na kiatu?"

Selemani alifunika uso. "Alipolala pale kando ya mizani, nilimwona mlinzi wa kwenye mchezo. Nikajua Anselm ameandika kila kitu daftarini. Nikavua kiatu. Na barua niliandika mimi."

"Khanga ziko wapi?"

"Sijui. Nilizitafuta Jumamosi, Jumatatu, kila nikipata nafasi. Nilifikiri ameshazipeleka Chama."

Ambrosi na askari wawili walipekua ghala hadi saa kumi. Walizikuta kwenye chumba cha zana, zimefunikwa turubai, zimepangwa juu ya mbao nne. Kule nyuma ya marobota zilikokuwa mwanzo, mchwa walikuwa wameshapanda ukuta mpaka kimo cha goti.

Walimwita mjane wa Mayala, Paskazia. Aliziangalia zile mbao, si khanga.

"Za kitanda chetu cha zamani," alisema. "Ijumaa alizibeba. Nikamuuliza za nini, akasema kuna nguo za mama wa mtu zinaliwa na mchwa ghalani, na kijana mwenyewe ana aibu ya kusema."

Elieza alitamani mama yule angenyamaza, lakini Selemani alikuwa amesimama pale na pingu zake, amesikia kila neno. Hakupiga kelele. Alirudia tu, "Nimezitoa kule nyuma, nimezitoa kule nyuma," mpaka Ambrosi akamshika bega na kumpandisha garini.

Usiku ule Elieza alipiga simu Dar es Salaam, akatukanwa, akavumilia. Kuhusu mashine aliandika mstari mmoja: *Chombo cha umeme, kibovu, kimekwisha kutupwa.* Kuhusu nafsi yake hakuandika kitu, ingawa yalikuwepo ya kuandika.

Alhamisi saa mbili asubuhi Anselm alitolewa. Flavia alikuwa anamngoja barazani na shati safi. Kwenye benchi la ukumbini alikaa Selemani, anangoja kupelekwa mahakamani.

Anselm alisimama mbele yake.

"Selemani."

"Naam."

"Ungeniacha niende?"

Stesheni honi ilipigwa, treni ya Dar es Salaam ikaanza kuondoka, na wote wawili wakaisikiliza mpaka ikaisha.

"Nilikuwa naingoja hiyo," alisema Selemani. "Kila saa nilitaka kuja kusema, nashindwa. Nikajiambia, treni ikishaondoka na Anselm, hata nikisema haitasaidia tena. Basi nitapumzika."

Flavia alimvuta mumewe mkono. Anselm hakwenda. Hakulia alipokamatwa, wala alipoambiwa habari za Dar es Salaam. Alilia sasa, amesimama ukumbini na mlango uko wazi, na Inspekta Elieza akaagiza askari wamwache mpaka amalize.