Mwanamke wa Ukutani

Kila asubuhi akienda shule, Darlène alisimama kidogo mbele ya saluni ya Mama Tatiana kumtazama mwanamke aliyechorwa ukutani: beseni la mahindi kichwani, shingo imenyooka, kitambaa chekundu. Basi shule ilipotafuta mchoro wa fulana za sikukuu, akamchora huyohuyo, akamwongezea mtoto mgongoni, akaandika jina lake mwenyewe chini. Mchoro ukachaguliwa. Furaha aliyokuwa nayo haisemeki.

Siku ya tatu baada ya hapo, kabla fulana hazijachapishwa, Mulumba, mchoraji wa vibao vya maduka, aliingia darasani na mwalimu Rémy.

"Huyu mama nilimuchora mi," alisema, akiuonyesha mchoro wa Darlène.

Darlène akachanganyikiwa. Ameiba nini, jamani? Mwanamke yuko palepale ukutani na mahindi yake. Baba yake, mchimbaji wa shaba, husema jiwe lililotupwa kwenye taka za mgodi ni la aliyejitaabisha kulibeba. Na yeye si alijitaabisha jioni tatu nzima?

"Tata, sikuchukua kitu," alisema, akimwita baba kwa heshima. "Nilichora na mukono yangu."

"Mukono ni yako. Lakini mi sikumutupa huyu mama. Niliweka pale batu bamuone."

"Sasa hakuna mutu mwingine atachora mama na beseni?"

"Chora. Bamama na beseni beko wengi ku soko. Ule mwenye shingo hii na kitambaa hiki, alitoka mu kichwa yangu."

Darlène alizidi kuchanganyikiwa, kisha akakumbuka kwamba chini ya mchoro aliandika jina lake peke yake, aibu ikampata.

"Bila ruhusa yake hatuchapishi," alisema mwalimu Rémy.

"Nisamehe, tata. Naomba ruhusa."

Mulumba alikubali, kwa masharti: jina lake liandikwe pia, na iwe kwa fulana za sikukuu hii tu; wakitaka nyingine, waulize tena. Mwalimu akayaandika, wote wakatia sahihi.

Mulumba hakuondoka. "Sasa mi nakuomba weye. Huyu mutoto wa mugongo si wangu. Naweza kumuweka ku ukuta?"

Darlène alimkodolea macho. Mtu mzima amwombe yeye?

"Utaandika jina yangu?"

Mulumba akacheka.

"Umeelewa," alisema mwalimu. "Kazi ya mtu huombwa, hata kama kila mpita njia anaiona. Na yako pia ni kazi ya mtu."

Jumatatu, mwanamke wa ukutani alikuwa amebeba mtoto, na chini yake yalikuwapo majina mawili.