Jozi Moja kwa Theluji Zote

Mchaguzi alimeza fungu la nyuzi za mkonge lenye urefu wa mtu, akalitafuna kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai, kisha akautoa mdomoni ubao mwembamba, mrefu, uliopinda mbele kama kiatu cha mfalme wa katuni. Halafu akatoa wa pili. Moshi mtamu ulitanda ghorofa nzima ya tatu ya Duka la Baridi, hapa Mbeya, na hata wateja waliofuata makoti tu wakasogea kutazama.

Mchaguzi alikuwa mashine yenye ukubwa wa kabati la nguo na adabu za mama wa harusini. Mbao alizotoa ziliitwa vitelezi: unazifunga miguuni, unashuka nazo mlima wenye theluji. Zamani mtu aliyesafiri kwenda kuteleza alijiuliza abebe jozi ipi, kwa maana jozi iliyofaa kwenye barafu ilizama kwenye theluji laini, na iliyoelea kwenye theluji laini ilikutupa ukigusa barafu. Vitelezi vya Mchaguzi vilimaliza ubishi huo. Vilikuwa na akili ndani ya nyuzi zake. Vikikanyaga barafu, vinajibana na kutoa meno ya chuma pembeni. Vikikanyaga theluji laini, vinajitanua kama mguu wa bata. Jozi moja, theluji zote.

Sharti lilikuwa moja. Kabla ya kuoka, Mchaguzi alipaswa kumjua atakayevivaa, kwa sababu ugumu wa ubao hupimwa kwa nguvu za magoti. Ubao ukishapoa haubadiliki. Ukikukataa, unaweza kuyeyushwa na kuokwa upya mara moja tu. Baada ya hapo nyuzi zinachoka na kuwa majivu.

"Jozi yako hiyo, mzee wangu," Mchaguzi akasema. "Ivae kwa furaha."

Mzee wake alikuwa Ambokile, mhandisi mstaafu. Maisha yake yote alitengeneza breki za magari yanayoning'inia kwenye kamba, yakipanda na kushuka mlima Loleza. Mtu aliyelipwa mshahara miaka yote ili vitu visiteleze, leo anajifunga vitu vya kuteleza. Dada yake, Tusajigwe, aliyemsindikiza, alikuwa amekwisha kulisema hilo mara kadhaa tangu asubuhi, na kila mara alicheka upya kana kwamba amelisikia kwa mwenzake.

Ambokile alipanda kwenye mteremko wa majaribio, ukanda mpana wenye theluji bandia unaozunguka kuja juu huku wewe ukishuka, ili uteleze bila kufika popote. Yeye alifika. Vitelezi vilichomoka kama mbwa aliyeona paka, goti la kushoto likakunjika, na mhandisi akamaliza safari yake kwenye rundo la makoti ya watoto.

"Umezipenda?" Mchaguzi akauliza.

"Hizi ni za nani?" Ambokile alifoka kutoka ndani ya makoti. "Hizi ni za kijana wa mashindano. Mimi nimekuambia nina umri gani?"

"Umeniambia, mzee wangu. Nikakuuliza habari ya magoti, ukaniambia nzuri. Magoti mazuri katika umri wako ni jambo la nadra. Nikakuokea jozi ya kuyaheshimu."

Tusajigwe alitoa kofia ya mtoto kichwani mwa kaka yake. "Umeheshimiwa, kaka. Nyanyuka."

"Sikuwa nimemaliza kusema. Nilitaka kuongeza neno, hili kabati likaanza kutafuna."

"Ulisema nzuri," Mchaguzi akarudia kwa upole unaokera kuliko matusi.

Ambokile aliketi kwenye benchi akajifuta. Kama ingekuwa safari ya kujifurahisha angezirudisha mbao zile akaenda zake kunywa chai. Lakini keshokutwa binti yake, Tumpe, alikuwa akiolewa katika kijiji kimoja cha milimani huko Austria, na kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Ndoa inafungwa kwenye kanisa dogo la kileleni, kisha bibi harusi anashuka hadi kwenye karamu kwa vitelezi, baba yake akiwa pembeni amemshika mkono. Baba asipoweza, mjomba wa bwana harusi anachukua nafasi yake.

Tusajigwe ndiye aliyeyapokea maelezo hayo kwenye simu, na ndiye aliyeutangazia ukoo mzima kwamba kaka yake atashuka. Ambokile hakukanusha. Tena kila alipomfikiria yule mjomba, mtu asiyemjua hata kwa picha, akiushika mkono wa Tumpe, alijiapiza upya kwamba atashuka mwenyewe. Mlima wenyewe ulikuwa na barafu juu, tope la theluji katikati, na theluji laini ya msituni chini. Jozi tatu zingefaa. Lakini begi lake lilikwisha kujaa mchele wa Kyela, vitenge vya sare na mizigo ya watu, kwani habari ya mtu kupanda ndege haijawahi kuwa siri Mbeya. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya jozi moja, na ndege ilikuwa ya jioni ile ile.

"Yeyusha," akasema. "Tuanze upya."

Mchaguzi akazimeza mbao. Zikanguruma tumboni mwake. "Nakukumbusha, mzee wangu, hii ndiyo mara ya mwisho kwa nyuzi hizi. Nyingine zitaletwa wiki ijayo. Tuendelee? Habari ya nyumbani?"

"Nzuri."

"Habari ya usingizi?"

"Nzuri."

"Habari ya magoti?"

"Nzuri," akasema Ambokile, na neno lilikuwa limeshatoka kabla hajajua kama amefungua mdomo.

Mashine ikaanza kutafuna. Tusajigwe aliruka kama mtu aliyeona mtoto anaelekea motoni, akabamiza kitufe chekundu kwa kiganja. Mashine ikasimama.

"Kaka, umerogwa?"

"Limenitoka lenyewe."

"Limekutoka lenyewe. Mtu umetoka kuanguka sasa hivi, makalio bado yana theluji ya plastiki, unaulizwa magoti unasema nzuri."

"Wewe ungejibu nini? Mtu anakuuliza habari, unamwambia mbaya? Ndivyo ulivyolelewa? Unasema nzuri kwanza, ndipo unasema ila. Kila mtu anajua hivyo. Hata mgonjwa aliyetundikiwa dripu anasema nzuri kwanza." Akaigeukia mashine. "Ninyi hamjui kwamba kuna ila?"

"Tunaijua, mzee wangu. Katika mafunzo yangu, watu wengi walifikia ila baada ya pumzi mbili au tatu. Wenye duka waliona kuwa nikisubiri, foleni inarefuka. Nikapangiwa nisisubiri."

"Nani mwingine amepangiwa hivyo?"

"Sisi sote wa familia moja. Mpokea wagonjwa, mpanga nyumba, daktari-ukuta."

Ambokile alimjua huyo wa mwisho. Daktari-ukuta alikuwa ndani ya nyumba yake, kioo kidogo karibu na mlango wa choo cha chini. Kila asubuhi kilimuuliza habari ya mwili, kila asubuhi alijibu, na taa ya kijani iliwaka.

"Basi leo utasubiri," Tusajigwe akasema. "Foleni hakuna. Na kama ipo, iwasubiri wazee wenye matako yanayouma. Uliza tena, ukimaliza kuuliza, nyamaza."

"Kama ulivyoagiza, mama. Habari ya magoti?"

"Nzuri," Ambokile akasema.

Mchaguzi akanyamaza.

Ni vigumu kueleza jinsi ukimya wa mashine unavyosumbua. Mtu akinyamaza unajua anafikiri, au amechoka, au anakusengenya moyoni. Mashine haina moyo wa kukusengenyea. Inasubiri tu, kama shimo. Ambokile alikohoa. Akakunja shati mkono mmoja, akaukunjua. Akamtazama dada yake, ambaye kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa anacheka.

"Ila la kushoto halikunji sawasawa," akasema. "Tangu nilipoteleza kwenye nguzo ya kamba kule Loleza, mwaka ule wa kustaafu. Nilisema litapona. Halikupona. Ngazi za kwenda chumbani sipandi. Ule mswaki wangu uko jikoni, na nguo zangu ziko sebuleni, na kitanda... Nalala kwenye kochi. Nashikilia ukuta kwenda chooni."

Tusajigwe aliketi. "Tangu lini, kaka?"

"Tangu mvua za mwaka juzi."

"Na mimi kila asubuhi nakupigia simu nakuuliza."

"Na mimi kila asubuhi nakujibu."

"Ukaniacha nikautangazia ukoo kwamba utashuka mlima."

"Ulitangaza kwa furaha sana, Tusa. Ningekukatizaje?"

Mchaguzi, aliyekuwa bado ananyamaza kwa kufuata maagizo, aliomba ruhusa ya kusema. Kwa goti la namna ile, akaeleza, ipo jozi anayoweza kuoka: fupi, pana, yenye breki zake yenyewe. Ingepita barafu, tope na theluji laini bila kumwangusha. Lakini isingezidi mwendo wa mtu anayetoka sokoni na kikapu. Bibi harusi aliyeshikwa mkono na baba wa namna hiyo angefika kwenye karamu wakati wageni wanakula matunda.

"Breki," Ambokile akasema kwa uchungu. "Breki tena."

"Hiyo si ya kuamua wewe peke yako," Tusajigwe akamwambia. "Mpigie mwenye harusi."

Uso wa Tumpe ulitokea kwenye simu iliyokuwa kiganjani mwa baba yake, kofia ya sufu ikiwa imeshuka hadi kwenye nyusi. Nyuma yake kulikuwa na weupe mtupu.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, shangazi. Vitelezi vimepatikana? Na magoti ya kuteleza, habari gani?"

Ambokile alivuta pumzi, na safari hii alilimeza lile neno lisitoke. "Mabovu, mwanangu. La kushoto ni bovu kabisa. Nikija na jozi ya kufaa magoti haya, tutashuka kama konokono. Ukiona aibu, mwambie yule mjomba. Nitawasubiri chini na mchele."

"Hamna shida, baba," Tumpe akasema haraka. "Lolote litakalokuwa ni sawa. Utakavyoona wewe."

"Na wewe habari za huko?"

"Nzuri, baba."

Hapo ndipo simu zao zilipokuwa zikiishia. Tangu Tumpe aende ng'ambo, Jumapili hadi Jumapili, akishasema nzuri baba yake husema haya mwanangu, ubaki salama, na kukata. Kidole chake kilikuwa tayari kimeinuka. Tusajigwe alikishika kidole kile, akakikunja kama mtu anayefunga kisu.

Ambokile akamtazama dada yake. Akakitazama kile kiganja chake chenye uso wa mtoto wake. Kisha akafanya alichojifunza muda mfupi uliopita kutoka kwa kabati. Akanyamaza.

Tumpe alisubiri haya mwanangu. Haikuja. Alirekebisha kofia. Alitazama pembeni, kama vile mtu ameingia. Hakuna aliyeingia.

"Baba? Umekatika?"

"Nipo."

Upepo ulipuliza upande wa pili. Uso ule wa kofia ulianza kubadilika taratibu, kuanzia kidevuni.

"Ila," Tumpe akasema, "ila mimi sijui kushuka, baba. Kila mwaka wenyeji wananiuliza kama nimezoea theluji, nawaambia nimezoea. Nikianguka nacheka nao. Nilikubali kushuka kwa sababu shangazi alisema wewe unaweza. Nikajua utanishika." Akafuta pua kwa glavu. "Na si mlima tu. Hapa mtu akikuuliza habari, ukijibu nzuri tu ameshapita. Ila ya pili sijawahi kumwambia hata Matthias, bwana harusi mwenyewe..."

"Mzee wangu," Mchaguzi akauliza kwa adabu, tanuri lake likiwa limeshika moto, "nianze kuoka ile ya breki?"

Ambokile aliinua mkono wake mwingine bila kuondoa macho kiganjani.

"Subiri," akasema. "Hajamaliza."