Bi Maulida Arudi Siku Hiyo Hiyo

Nyumbani kwa Bi Maulida, pale Mkuyuni, wali ulikuwa unaliwa kwa tahadhari. Kijiwe kikigonga jino, mwanawe Faisal alikimeza na kusema chakula ni kitamu. Hakuna aliyethubutu kumwambia mama ukweli. Bi Maulida ana miaka sabini na miwili, na kuchagua mchele ndiyo kazi aliyobaki nayo. Bila ungo wake angejiona mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Kwa hiyo Sihaba, mke wa Faisal, alikuwa akiurudia mchele kwa siri nyuma ya nyumba, ingawa kwa haraka yake vijiwe vingine vilimponyoka.

Jirani yao Modesta ni muuguzi wa kliniki ya macho. Siku moja alimwona Bi Maulida akimimina chai nje ya kikombe. Akamshauri akapimwe. Ikaonekana ana mtoto wa jicho, yaani lenzi ya ndani ya jicho imeingia ukungu. Tiba yake ni upasuaji mdogo. Mgonjwa anaingia asubuhi na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Bi Maulida alikataa kabisa.

"Upasuaji gani wa kwenda na kurudi kama sokoni?" alisema. "Mzee kama mimi hulazwa. Wakinirudisha haraka, ujue wanaogopa nisiwafie mikononi."

Modesta alicheka mpaka akashika kiti. Kisha akamweleza.

"Mama, hawakufukuzi. Jicho tu ndilo linalotiwa ganzi. Na wazee wengi hupona vizuri wakilala kwenye kitanda walichokizoea. Lakini haturuhusu kila mtu. Kwanza tunapima presha na sukari. Tunauliza dawa zote unazotumia, hata za mizizi. Halafu lazima mtu mzima akusindikize na akae nawe usiku huo."

Bi Maulida alifikiria siku mbili, akakubali.

Siku ilipofika, presha yake ilikutwa juu mno. Modesta akamuuliza kuhusu vidonge. Bi Maulida akainamisha kichwa. Alikuwa ameambiwa ale kidogo asubuhi na ameze dawa za presha kama kawaida. Lakini yeye aliona anayekwenda kupasuliwa lazima awe amefunga. Basi akafunga kama mwezi wa Ramadhani, na vidonge akaviacha tangu juzi ili awe safi kabisa.

Daktari akaahirisha kwa wiki moja. Bi Maulida alilia njia nzima, akidhani bahati imempita. Jioni Modesta akaja kumtuliza.

"Hukunyimwa, mama. Umelindwa. Kukupasua na presha ile ndiyo ingekuwa hatari. Meza dawa kama ulivyoandikiwa. Ukiwa na shaka, uliza, usijiamulie."

Wiki hiyo Sihaba alisimama mbele yake kila asubuhi mpaka kidonge kishuke. Presha ikatulia. Upasuaji haukuchukua hata nusu saa, na saa saba mchana Bi Maulida alikuwa sebuleni kwake, jicho limefunikwa. Jamaa zake wa Sengerema walikuja na mikeka na masufuria, tayari kupiga kambi hospitalini. Wakamkuta nyumbani anakula ndizi. Wakaketi, wakala naye.

Sihaba alikuwa ameyashika maelezo yote. Mama asilisugue jicho wala kulitia maji. Asibebe kitu kizito, asikae kwenye moshi. Mwenye kumtia dawa ya matone anawe mikono kwanza. Jicho likiuma sana, likizidi kuwa jekundu au likianza kuona vibaya, arudi kliniki mara moja bila kungoja kesho.

Asubuhi ya pili walirudi kliniki, jicho likafunuliwa. Bi Maulida akamtazama mkwewe kwa muda mrefu.

"Kumbe umenenepa, Sihaba," alisema.

Sihaba alicheka huku machozi yanamtoka.

Mwezi ulipopita, daktari akamruhusu kurudi kwenye kazi zake. Siku hiyo hiyo akauchukua ungo. Faisal alipokaa kula, mama yake akamwekea kijiwe kiganjani.

"Hiki nimekitoa leo," alisema. "Vile ulivyovimeza mwaka mzima ili usinivunjie heshima, Mungu akulipe, mwanangu. Na wewe Sihaba, macho yalikuwa mabovu, lakini masikio ni mazima. Nilikuwa nausikia ungo wako nyuma ya nyumba."

Mchana ule wali ulitafunwa bila woga.