Aliyepanda Nyuma Yangu

Ilikuwa Jumanne na nilikuwa nafua. Nilikuwa nimeomba ruhusa kiwandani, kule ninakofungasha ndoo za plastiki, ili nimsaidie dada yangu Everline. Mimba yake ilikuwa imepita miezi minane, miguu imevimba, na kuinama hawezi. Yeye na mumewe, Javan Nabiswa, waliishi mtaa wa Mowlem, orofa ya pili. Javan alikuwa mtu wa bodaboda. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na siku hiyo jua likatoka, kila kamba ya jengo ikajaa nguo. Everline alikuwa ameketi mlangoni akichambua kunde huku akinisimulia harusi ya binamu yetu kule Webuye, jinsi bwana harusi alivyochelewa hadi pasta akasinzia.

Kabla hajamaliza akashika tumbo.

"Asenath," akasema. "Mpigie Javan."

Javan alifika upesi, maana steji yao ya boda ilikuwa papo hapo mtaani, lakini hatukuwa na pa kupita. Trela ilikuwa imeanguka kwenye mzunguko wa barabara kubwa na magari yalikuwa yamefungana pande zote, hata pikipiki hazikupenya. Dereva wa teksi niliyempigia alisema pole, akakata simu.

Njia nyingine ilikuwepo. Nyuma ya mtaa, kando ya mto, kuna kipande cha ardhi ya umma, na katikati yake njia inayokatiza moja kwa moja hadi kituo cha afya. Zamani boda zote zilipita hapo, na malori ya mchanga pia, mpaka ikabaki mitaro mitupu. Kisha kaunti ikaifunga. Wakachimbia nguzo mbili za chuma na kuweka kibao: wanaotembea kwa miguu pekee, pikipiki na magari marufuku. Watu wa boda walipiga kelele wiki moja, mbili, wakatulia. Jambo lililonishangaza ni kwamba baada ya hapo hakuna hata mmoja wao aliyejaribu kupita, hata siku ambazo hapakuwa na askari. Nilidhani wanaogopa kunyang'anywa pikipiki.

Javan alipoona tunamwelekeza huko alisita.

"Hiyo siyo," akasema. "Tujaribu tena barabara kubwa."

"Barabara gani, Javan?" Everline akamuuliza, jasho likimtiririka.

Kwenye nguzo alikuwepo askari wa kaunti, mzee Mwanzia, mtu mtaratibu aliyezoeleka na mtaa wote.

"Mzee, mke wangu anajifungua," Javan akamwambia.

"Naona. Pikipiki itapenya. Mkalishe mama juu, muisukume. Lakini injini isiwake."

"Nikiwasha tunafika dakika tatu."

Mzee Mwanzia akamsogelea. "Sukuma tu," akanong'ona. "Ukiwa na mama katika hali hii, ndiyo kabisa usiwashe."

Tukasukuma. Javan alishika usukani, mimi nikasukuma kwa nyuma, matope yakivuta viatu. Matete yalikuwa marefu pande zote mbili. Kelele za honi kule barabarani zikafifia, halafu zikapotea kabisa.

Tulikuwa karibu nusu ya njia chupa ya uzazi ilipopasuka. Everline alipiga yowe.

"Anakuja! Javan, washa!"

Javan akanitazama. Akawasha.

Nikaruka nyuma ya dada yangu, nikamkumbatia, tukaondoka.

Hatukufika mbali. Pikipiki ilididimia. Hapakuwa na shimo. Ilididimia upande wa nyuma, springi zikalia, kama zinavyolia mtu mzito anapopanda.

Lakini nyuma yangu hapakuwa na nafasi. Nilikuwa nimekalia keria, kile chuma cha mwisho cha kubebea mizigo.

Kisha mikono ikanizunguka kiunoni.

Ilikuwa baridi. Ilikuwa na maji. Nilihisi maji yakipenya blauzi, yakinishuka tumboni. Kidole kimoja baada ya kingine kikajifunga mbele yangu, taratibu, kama mtu anayetafuta pa kushika ili asianguke.

Javan alivuta mafuta mpaka mwisho. Injini ikanguruma, moshi ukatufunika. Tulikwenda polepole kuliko mtu anayetembea. Jua lilikuwa linawaka juu yetu, saa nane mchana, na hakuna mdudu aliyelia. Nilitaka kugeuka. Shingo ilikataa.

"Usiniache hapa."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ndani ya sikio langu. Pumzi yake ilinuka tope.

Everline akainua kichwa. "Asenath, nani anakuacha?"

"Siyo mimi," nikanong'ona.

Hapo Javan akatazama kioo cha pembeni. Niliuona uso wake ndani ya kioo hicho. Mdomo ulifunguka. Akakipiga ngumi kikageukia matete.

"Nimeinua mkono," sauti ikasema. "Nimeinua mkono."

"Zima," Everline akasema. "Javan. Zima!"

Akazima.

Kimya. Nikasikia pumzi zetu. Ya Javan, ya haraka. Ya dada yangu, ya uchungu. Yangu. Na nyingine.

Sijui Everline alipata wapi ujasiri ule. Labda uchungu ulikuwa umemaliza woga wote. Alisema bila kugeuka, kwa sauti ile anayotumia na majirani:

"Mama, shikilia vizuri. Hatukuachi. Tunaenda sote."

Mikono ikalegea. Haikuondoka. Ililegea tu, kiasi cha kuniruhusu nishuke.

Tukasukuma tena, mimi sasa nikitembea ubavuni. Kiti nyuma ya dada yangu kilikuwa kimebonyea. Gauni lake lilikuwa limekunjika kiunoni, kulia na kushoto, kama limekamatwa. Javan alisukuma huku analia kwa sauti. Hakugeuka hata mara moja.

Wauguzi walimpokea Everline mlangoni wakakimbia naye ndani. Haukupita muda nikasikia mtoto akilia. Msichana. Nikatoka kumpa Javan habari, nikamkuta ameketi chini ameegemea ukuta.

"Shem, nilimjua," akasema. "Nilimwona kwenye kioo nikamjua."

"Ulimjua nani?"

Akasimulia akitazama viatu vyake. Kabla njia haijafungwa, asubuhi moja ya mvua, alikuwa amebeba mteja. Kulikuwa na mwanamke amelala kando ya njia, boda imemgonga ikatoroka. Alikuwa hai. Aliposikia injini zetu aliinua mkono.

"Pikipiki iliyokuwa mbele yangu ikampita. Nami nikajiambia, wa nyuma atasimama. Mteja wangu alikuwa amechelewa kazini. Wa nyuma naye akasema vivyo hivyo. Saa sita ndipo mtu wa miguu alimkuta. Alikuwa ameshakata roho. Hata jina halikujulikana, shem. Alizikwa bila jina."

"Ndiyo maana hampiti pale?"

"Tunajuana," akasema. "Steji nzima. Sote tulimpita."

Nilikuwa bado nimesimama pale muuguzi alipotoka akipangusa mikono.

"Yule mama mwingine yuko wapi?" akauliza.

"Mama gani?"

"Si mlikuja naye? Amemshika mgonjwa mkono tangu mwanzo mpaka mtoto katoka. Nimemwambia asubiri nje, analowesha sakafu. Akasema ameambiwa mnaenda sote."

Javan aliufunika uso wake.

Everline anasema hakumwona mtu. Anakumbuka mkono tu. Anasema ulikuwa wa joto.

Miaka mitatu sasa. Javan aliacha pikipiki wiki ileile. Ni mpiga lipu, anasiriba kuta za majengo huko Njiru, na kazini huenda kwa miguu. Niliwahi kumshauri awaendee wenzake wa steji, waende pamoja kwa chifu waseme walichokiona asubuhi ile. Alikwenda mwenyewe. Hakuna aliyeandamana naye.

Kijitabu cha kliniki cha mtoto kinakaa kwangu, kwa kuwa Javan hataki kilale nyumbani kwake. Ukurasa wa kwanza pana mahali pa kuandika aliyemsindikiza mama. Muuguzi aliandika jina langu. Chini ya jina langu kuna alama ya kidole gumba. Siyo wino, ni tope. Nimekianika juani. Nimekiweka karibu na jiko la makaa. Ukurasa ule nimeupiga pasi mpaka karatasi ikabadilika rangi.

Leo asubuhi nimekifungua nikagusa ile alama. Kidole changu kikatoka kimelowa.