Sindano Haipokewi Mkononi

Walikutana kwenye foleni ya kantini ya hospitali, saa saba mchana, watu wakisukumana na sinia zao. Mwanamke alikuwa sista wa chumba cha upasuaji, kofia ya maua bado kichwani. Nyuma yake alisimama daktari mpasuaji mgeni, shati limepigwa pasi mpaka linakera. Akaitazama mikono ya sista.

"Sita na nusu," akasema.

"Nini hiyo?"

"Saizi ya glavu zako."

"Wenzako huanza na salamu, daktari."

Wiki ya tatu walikuwa wameshapendana, na hospitali nzima ilijua, ila wao walidhani wanaficha.

Kazini sheria ilikuwa wazi: sindano haipokewi mkononi. Sista anaiweka kwenye sahani ya chuma, daktari anaichukua mwenyewe, na kuirudisha ni hivyo hivyo. Lakini wapenzi hawa walikuwa na ujinga wao. Kutwa nzima hawakupata nafasi nyingine ya kugusana, basi walipeana mkononi, vidole vikikawia kidogo. Ningekuwepo ningewachapa wote wawili.

Jumanne daktari aliirudisha sindano vibaya, macho yake yakiwa kwenye kidonda. Sista alikuwa amevaa jozi mbili za glavu kama inavyotakiwa, ya ndani ya kijani ili ya nje ikitoboka ionekane. Kijani kikajitokeza kwenye kidole cha shahada, kisha kikaingia wekundu. Mgonjwa aliyelala mezani alikuwa amegundulika na virusi vya Ukimwi wiki hiyo hiyo, hata dawa hajaanza.

Sista akabadili glavu, akanyamaza. Dawa za kinga zilikuwa ghorofa ya chini, ila hazitolewi bila fomu, na fomu inauliza imetokeaje. Akiandika ukweli, mpenzi wake hana kazi.

Akaacha kupokea simu. Daktari akaona amechokwa. Akapiga mara kumi na moja, akatuma maneno ambayo mtu mzima anapaswa kuyaonea haya. Siku ya tano akamkuta kwenye ngazi, akamuuliza huyo mwanamume mwingine ni nani. Sista akamwonyesha kidole.

"Tangu lini?"

"Jumanne."

Mwisho wa kuanza dawa zile ni siku ya tatu. Hakuna aliyehitaji kumwambia mwenzake.

Daktari akashuka, akaijaza fomu yeye mwenyewe bila kuficha kitu. Kesho yake akasimamishwa kazi. Wiki ya sita tangu sindano ile walikaa kwenye benchi la maabara, wakingoja majibu.

"Nataka kukuoa," akasema. "Nakuuliza kabla hawajakuita. Nikiuliza baadaye, utasema nimekuonea huruma, au nilisubiri kwanza usalama wangu."

Sista alimpenda bado, na alikuwa na hasira naye kupita kiasi.

"Unataka kunioa, au unataka nikusamehe?"



"Yote mawili."

Dirisha likafunguliwa, namba ya sista ikaitwa. Akasimama. Daktari naye akasimama.

"Kaa," sista akamwambia, akaenda dirishani peke yake.