Pumzi ya Pili

"Mbona wanapumua wawili humo?" muuguzi Nthenya aliuliza, akisoma kipimo cha kuhesabu wanaopumua.

Daktari Obuya alikuwa kwenye simu yake.

Ndani ya tangi la chuma, chini ya jengo moja la Westlands, Kitonga alilala peke yake. Ni mpiga mbizi. Kazi yake ni kutoa waliozama. Asubuhi hiyo, kwenye timbo la mawe lililojaa maji upande wa Riruta, alimpata binti aitwaye Wangui. Akamshika mkono. Hewa ikamwishia, akamwachilia, akapanda kwa pupa. Damu ikajaa viputo, miguu ikafa ganzi. Dawa ni kufungiwa saa tano katika hewa iliyogandamizwa, kisha kuipunguza polepole. Ukifungua mapema, miguu imekwenda.

Na Wangui? Nairobi nzima hii, hakuna mwingine aliyeshuka! Polisi walimwambia tu mamake, pale ukingoni, arudi nyumbani.

"Kipimo kimezeeka," Obuya akasema hatimaye. Kwake kila kitu huharibika, isipokuwa maoni yake.

Saa tisa bomba la hewa lilianza kunuka tope. Kipaza sauti kikakwaruza.

"Sista, nifungulie," Kitonga alinong'ona. "Kuna mtu hapa miguuni."

"Ukitoka sasa hutembei tena."

"Afadhali nitambae! Nywele zake zinadondosha maji."

Nthenya akasogea kwenye kidirisha cha duara, akaona kioo kimeshika ukungu sehemu mbili, mmoja ukija na kwenda mbele ya mdomo wa Kitonga, na mwingine kule chini miguuni, mahali ambapo hapakuwa na mdomo wa mtu yeyote, ukija na kwenda polepole mno, kama wa mtu anayejifunza kupumua upya.

"Anataka nini?"

"Amenyoosha mkono tu."

"Basi mshike."

"Wewe uko sawa kweli?"

"Ulimwachilia, Kitonga. Mshike."

Akamshika, huku akilia, mpaka saa zikatimia.

Jioni Kitonga alitoka kwa miguu yake mwenyewe. Hakutazama nyuma.

"Mnaona? Hofu tu," Obuya akacheka, akachukua koti, akaondoka naye.

Nthenya akabaki na tangi tupu, mlango wazi. Kipimo kilipaswa kusoma sifuri. Kilihesabu mmoja.

Kipaza sauti kikakwaruza tena.

"Dada," sauti changa ikasema, "tafadhali mwambie mama asiende nyumbani."